Senti Kumi ya Mama

Jumatatu, 13 Januari
Nimebadilisha maji tena. Siku ya nne. Senti iko kwenye chupa ya jemu, ndani ya maji ya magadi, haya haya tunayopikia isyo, mahindi na maharagwe. Nilisoma kwenye simu kwamba magadi hutoa chumvi iliyoingia ndani ya shaba. Chumvi ndiyo inayoila.

Susu, mama yake Mama, aliwapa watoto wake wote senti ya zamani yenye tundu. Mama peke yake ndiye aliyeivaa kila siku, shambani na kanisani. Hospitalini walinipa ndani ya bahasha. Sijalia bado. Susu anataka niivae kwenye ibada ya shukrani ya kumkumbuka Mama, mwezi ujao.

Jumapili, 19 Januari
Nimekwangua unga wa kijani unaoota kwenye senti, kwa mwiba. Nikaiosha, nikaianika. Jioni unga umerudi.

Mjomba Kioko alipita akaitazama. "Isugue na ndimu na chumvi, kama sufuria. Kwani huko sekondari mlisoma nini?" Akacheka. Nikairudisha senti kwenye chupa.

Jumanne, 28 Januari
Ukingo umemeguka. Kipande kidogo kimebaki chini ya chupa.

Asubuhi nilikunywa maji ya kisima, nikayasikia ulimini. Chumvi. Kyuso nzima inajua maji yetu yana chumvi. Mimi nimeiosha senti kwa maji hayo zaidi ya wiki mbili. Nimeimega mwenyewe.

Jumatano, 29 Januari
Maji ya mvua yamebaki kidogo tu kwenye tangi. Ni ya chai ya Susu. Nilisimama mlangoni muda mrefu kabla ya kuomba.

"Unataka kuogeshea senti chai yangu?" Kisha akasema, "Chota. Mimi nitakunywa ile ya chumvi."

Ameinywa. Hakukunja uso.

Jumamosi, 15 Februari
Nimeijaribu. Siku mbili kwenye mkebe wenye kitambaa kibichi. Haikutoa unga. Ni ya kahawia, imeliwa upande mmoja, tundu ni zima. Nimeipaka nta ya mshumaa. Nilidhani nitasikia kitu moyoni. Hakuna. Nimefua nguo ya kanisa.

Jumapili, 16 Februari
Jasho lina chumvi. Senti haifai kugusa ngozi. Nilipanga kumweleza Susu asubuhi.

Alinikalisha kwenye kigoda, akapitisha uzi kwenye tundu, akanifunga shingoni. Fundo alilirudia mara tatu.

Sikusema.

Ibada ilichukua saa nne. Kulikuwa na joto. Nimerudi, nimepika, tumekula. Sijaivua.