Hema la Wanne, Sisi Watano

Mpendwa Shangazi,

Naomba unisaidie kabla sijatamka neno ambalo sitaweza kulirudisha. Mimi ni mpiga pasi hotelini, kutwa nzima niko kwenye chumba kisicho na dirisha, mvuke wa mashuka usoni, na mwaka jana nilimwambia mume wangu kwamba shule zikifungwa natamani twende tukapige kambi kando ya mto, nilale mahali penye upepo, naye akakubali, nikafurahi hadi nikawa naimba kazini. Sasa mume wangu ni mchoraji wa ramani za nyumba, hanunui hata kiti bila futi kamba, kwa hiyo kabla ya kwenda kununua hema alisogeza makochi, akawalaza sakafuni pacha wetu wawili na mama yake, akawazungushia chaki mmoja mmoja, kisha akalala yeye na pacha wakamchora huku wakicheka, na mimi muda wote huo nilikuwa jikoni napika, vicheko navisikia, hakuna aliyeniita. Nilipokuja kuandaa meza nikakuta michoro minne, nikadhani wa tano unafuata, lakini akaniambia nideki mama asije akateleza, nami nikadeki.

Jumamosi akaja na hema. Tulipoingia wote kulijaribu, miguu yangu ikabaki nje. Nikasema halitutoshi, akatoa futi kamba yake, akapima, akasema, "Kipimo hakidanganyi, mama pacha. Nilipima watu wanne, na hili ni la watu wanne." Nikamuuliza, "Na mimi ni nani?" Akakuna kichwa, akasema basi nibaki nyumbani nipumzike, kwani si kila siku nalalamika nimechoka? Mama mkwe ndiye aliyeshtuka. "Sasa mwanangu, huko nani atapika?" Hapo mume wangu akapata jibu: nitakwenda, ila nitalala garini na masufuria. Shangazi, safari hii niliiomba mimi, na sasa wote wananiona nina kisirani. Nifanye nini?

Wa Garini

*

Mwanangu,

Hilo jina la Wa Garini lifute, limeniudhi kuliko barua yenyewe. Mtu anayekumbuka kuchora choo cha wageni kwenye nyumba za watu anamsahau mke aliye hatua chache kutoka alipolala? Hiyo ni dharau, hata kama ameipima kwa futi kamba. Na mama mkwe naye, pole yake, amekukumbuka kwa ajili ya tumbo.

Lakini na wewe una lako. Uliona michoro minne, ukameza mate, ukachukua tambara la kudekia. Ungeuliza palepale, leo usingekuwa unaniandikia huku umevimba.

Tuje kwenye hema. Likiandikwa la watu wanne, maana yake ni wanne waliobanana kama mashuka yako kabatini, bila begi, bila viatu, bila mtu kugeuka upande wa pili. Watano mnahitaji la watu sita au saba. Liwe refu mlangoni, mama mkwe kwa umri wake asiingie akitambaa. Huko mtoni kuna umande na mvua, kwa hiyo liwe na paa la pili la kufunika juu, na sakafu nene iliyopanda kidogo ukutani. Liwe na madirisha ya wavu pande mbili, maana mvuke umeshaushiba kazini. Kabla ya safari lisimamisheni nje, mumeo aingie, wewe umwagie ndoo nzima ya maji juu. Usimwonee huruma.

Hili la wanne alirudishe dukani wiki hii, kabla halijachafuka. Wakikataa, anunue jingine dogo la kusimamisha pembeni, na atakayelala humo na masufuria ni yeye aliyepima.

Na leo jioni usiwashe jiko. Wakiuliza chakula, waambie kuna kazi kwanza. Sogeza makochi mwenyewe, lala chali katikati ya sebule, nyoosha mikono utakavyo, mpe mumeo chaki, umwambie aanze na wewe. Wengine watajipanga kandokando yako. Akimaliza kuchora, adeki yeye.

Shangazi yako