Rozell, Sweta ya Kijani Imerudi Nyumbani

Jumapili, tarehe 23 Novemba 2025. Asubuhi hii kuna baridi kavu, na umande umeganda kwenye kioo cha gari lako.

Rozell Tisdale, mume wangu, mwaka umetimia tangu Bwana alipokuita, asubuhi ya siku ya mechi, ukiwa umeshavaa soksi zako nyekundu.

Tunamshukuru Mungu kwa ajili yako. Miaka thelathini na mmoja uliendesha basi la shule hapa Marlow Creek, na hukuwahi kumwacha mtoto aliyechelewa. Kila Jumanne ulinisubiri nje ya darasa langu la jioni, hita ikiwaka, ili nikikaa nikute kiti kina joto. Wakati wa kuombea chakula ulifumba jicho moja tu. La pili lilikuwa kwenye mkate wa mahindi.

Lakini mjini wanakukumbuka kwa jezi namba 54 ya Chuo cha Pruitt, kwenye mpira wa Kimarekani, ule wa kubebwa mikononi. Ulikuwa mlinzi wa kati, yule anayesimama nyuma ya wanene wa mstari wa mbele akimvizia mwenye mpira. Miaka mitatu mfululizo Chuo cha Dunmore kiliwafunga. Mwaka wa nne, 1983, sekunde za mwisho, mkimbiaji wao Dewitt Crumley alibakiza hatua moja kufika mstari wa goli. Ulimbeba mzima mzima ukamlaza chini. Goti lako halikupona tena, lakini ulimwinamia ukamwuliza, "Ulikuwa unakwenda wapi, Dewitt? Kwenu ni upande ule!"

Hapo ndipo yalipoanza mambo yenu ya sweta. Kila mwaka, ambaye chuo chake kilifungwa alivaa sweta ya rangi ya chuo cha mwenzake kanisani Jumapili. Ile yao ya kijani uliichukia kama homa. Mwaka ule ulipoivaa ndani nje, Mchungaji Leggett alisimamisha wimbo: "Ndugu Tisdale, igeuze. Mungu ameshaiona."

Mwaka jana tulishinda, nawe hukujua. Dewitt alikuja kukuzika amevaa sweta nyekundu, akajifuta machozi mpaka mikono ya sweta ikalowa.

Jana tumefungwa, 17 kwa 14. Jioni Dewitt alikuja na ile ya kijani, imekunjwa kwenye mfuko. Sote tulikuwa sebuleni.

"Shemeji," aliniambia, "nimekuja kuiweka kaburini kwake. Yaishe. Nitamtania nani sasa?"

Dada yako Oneida akadakia, "Thubutu! Ukimwekea kitambaa hicho atafufuka akupige!"

Tulicheka. Niliona kwamba sweta ikienda kaburini, Jumapili zenu zote zinakwenda nayo, na Dewitt hatakuwa na sababu ya kubisha mlango huu tena. Nikaomba moyoni. Kisha nikaichukua mkononi mwake, nikaivaa. Ilinifika magotini.

Tunaokukumbuka kila siku ndio tulioshuhudia: mimi mkeo Verlene, watoto wako Corliss na Thaddeus, dada yako Oneida, na Dewitt, ambaye tunamhesabu ndugu. Mbele ya wote nilisema kwa sauti:

"Dewitt, hakuna kinachoisha. Kila tutakapofungwa, nitaivaa mimi badala ya Rozell, mpaka Bwana aniite. Na mkifungwa ninyi, uje kanisani na nyekundu. Nisikuone umeivaa ndani nje."