Kichwa cha Kocha Ramzanali

Flemingdon Park, Toronto
14 Novemba 2011

Kaka yangu mpenzi Taki,

Salaam alaykum. Natumaini barua hii itakukuta hapo Tanga ukiwa mzima, wewe na wifi na watoto. Sisi huku tunamshukuru Mungu, ingawa baridi imeanza kuuma na mwanangu Nadim ana mafua. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu ningelia tu, usingeelewa kitu.

Watu wa Tanga bado wanamkumbuka marehemu baba: Ramzanali, beki wa kati aliyekwenda Uingereza kucheza mpira wa kulipwa, akarudi kuwa kocha. Huku hakuna aliyemjua. Alilinda ghala hadi alipostaafu, na Jumamosi akifundisha vijana wa maghorofa yetu. Mazoezi yalikuwa yaleyale aliyowapa ninyi: mpira wa juu, kichwa, tena kichwa. Aliyeukwepa hakupangwa.

Kisha Sadru, nahodha wenu wa zamani, akaugua kule Malvern, mtaa mwingine wa hapa Toronto. Tulikwenda kumtazama. Mkewe alitueleza kwamba hawatambui tena hata watoto wake. Baba alimshika mkono, akamtajia mechi moja baada ya nyingine. Sadru akamuuliza kwa adabu yeye ni nani.

Mwaka uliofuata baba naye akaanza kusahau. Alipotea njia ya msikitini, akawa anamwita Nadim kwa jina lako. Siku moja, akili ikiwa imetulia, alinikalisha jikoni.

“Masuma, nikifa, wanitazame kichwani. Kama ni mpira, basi ni mimi niliyewafundisha. Vijana wangu waambiwe.”

Nilimsihi asiseme hivyo. Akaniapisha.

Kaka, uliponiuliza mbona mazishi yalichelewa, nilikujibu theluji. Haikuwa theluji. Niliwapa madaktari ubongo wa baba, na tukamzika bila huo. Masheikh sikuwauliza, niliogopa wangekataa. Waosha maiti waliuona mshono, habari zikaenea, na sasa wanawake wa msikitini hawaji tena kwangu.

Wiki iliyopita daktari aliniita. Alisema ubongo ulikuwa umesinyaa, na kwa maoni yake ni kwa sababu ya kupiga mpira kwa kichwa miaka yote ile. Nikamuuliza kuhusu wachezaji wa baba. Akasema nao wamo hatarini, hasa mabeki waliocheza muda mrefu.

Wewe ulikuwa beki wake mpaka ulipooa. Na wifi alinipigia simu bila wewe kujua. Anasema jioni unakaa barazani, ukiulizwa unajibu kwamba unamngoja baba arudi kutoka uwanjani.

Baba hayupo, Taki. Nikasirikie kwa nilivyomzika, nitavumilia, ila kubali wifi akupeleke hospitali. Nimemwomba akusomee barua hii kila utakapoisahau.

Wasalimie wote nyumbani, na mdogo wao umbusu kwa niaba yangu. Mungu akulinde.

Dada yako akupendaye,
Masuma