Mgomba wa Kitovu cha Mama Yako

Mjukuu wangu Amina, tuko wazima hapa Giheke, magoti tu ndiyo yananisumbua. Unakula vizuri?

Unasema kule labo, hiyo maabara yenu, kipande kidogo cha mgomba, kikiwekwa ndani ya chupa, kinatoa majani na mizizi. Unataka nikutumie cha kwetu.

Chini ya mgomba wetu huu nilizika kitovu cha mama yako. Tuliporudi toka Kongo tulikokimbilia vita, wewe mgongoni, yeye amepotea njiani, niliukuta umechomwa. Nikachimba, nikapata kipande kibichi cha shina, nikapanda. Jirani akanicheka: “Maman, unapanda makaa?”

Kikachipua. Nikasema basi naye yu hai, nikaanza kumwekea mama yako chakula kila jioni, akirudi akikute.

Sasa ugonjwa umeingia shambani. Chipukizi la mwisho lililo zima nimelikata, nakutumia. Likitoa mizizi niambie haraka, mwanangu. Kungoja kumenichosha.

Nyanya yako