Pembe ya Mzee Anselmo

Bladensburg, 6 Julai 1997

Baba mpendwa,

Goti lako linaendeleaje, na Mama amepona kikohozi? Mimi ni mzima, ila joto la huku Marekani linamlowesha mtu akiwa amekaa tu.

Tangu Juni namtunza mzee wa Paraguai anayeitwa Anselmo. Mkewe alifariki Machi. Hataki maji wala soda. Kinywaji chake ni kimoja: majani makavu ndani ya pembe ya ng'ombe, yanamiminiwa maji ya barafu yenye mnanaa uliopondwa, kisha ananyonya kwa mrija wa chuma. Watu wote hutumia pembe hiyo moja na mrija huo mmoja, na peke yake hanywi. Daktari anataka anywe lita moja na nusu kwa siku, la sivyo figo zitaharibika. Binti yake, Mirta, amesema asipoweza, mwisho wa Agosti atampeleka nyumba ya wazee kule Upper Marlboro.

Mirta aliniomba nikae naye nimpe moyo. Mzee akanywa kwanza, akajaza tena, akanipa. Ni chungu, lakini nilimaliza nikamshukuru kwa Kihispania, neno nililojifunza makusudi. Akainuka, akaiosha pembe. Shajara yangu inasema: Jumatatu, mara moja. Jumanne, mara moja. Jumatano hakuileta kabisa.

Nimemkosea nini?

Binti yako,
Chepngetich

Litein, 24 Julai 1997

Binti yangu,

Barua ilifika jana. Nimeisoma mara mbili, Mama yako akaisoma ya tatu kwa sauti ili jirani asikie. Kikohozi kimeisha. Goti bado linajua mvua kabla ya redio.

Je, uliupangusa mrija? Mimi leo ni mzee wa kanisa, lakini nilizaliwa katika nyumba ya chungu cha pombe na mirija, na najua watu huudhiwa na kitu kidogo namna hiyo. Usimuulize kosa lako. Mtafute mtu wa kwao, mkae watatu, wewe ufunge mdomo utazame, kisha uandike ulivyozoea.

Mama anauliza kama majani hayo yanalewesha. Hata mimi nauliza.

Baba yako

Bladensburg, 14 Agosti 1997

Baba,

Nashukuru mko salama. Hayaleweshi, mwambie Mama. Na mrija sikuupangusa.

Jumapili baada ya kanisa nilimwita Rubén, mpwa wa mzee, kutoka Woodbridge. Nikaandika yote. Rubén alipewa pembe, akanyonya mpaka ikakoroma, akairudisha bila neno. Hivyo mara nane. Ya tisa akashukuru, na mzee akamruka hadi mwisho.

Nilimfuata Rubén garini nikamuuliza.

"Kushukuru ni kusema umetosheka," akasema. "Wewe ulikuwa unashukuru lini?"

"Kila mara."

Alicheka mpaka akaegemea gari. "Maskini mjomba. Kila siku unamfukuzia mgeni wake."

Jumatatu nilinyamaza. Tulikunywa raundi kumi na moja. Mzee akaniambia, "Kumbe Wakenya mna kiu." Baba, kunyamaza ni kazi. Mdomo huu umelelewa na Mama.

Lakini siku zimebaki chache, na bado hafiki lita moja na nusu.

Binti yako,
Chepngetich

Bladensburg, 31 Agosti 1997

Baba na Mama,

Nawasalimu kwa haraka, kabla sijasahau jana ilivyokuwa.

Mirta alikuja na fomu za nyumba ya wazee. Nilimwonyesha shajara: lita moja na robo, siku sita mfululizo. Akasema robo iliyobaki ndiyo inayoua figo. Mzee alikuwa amekaa kivulini nyuma ya nyumba. Hakubishana. Alijaza pembe akamnyooshea.

"Papá, nina dakika kumi, nimeacha gari likinguruma."

Mzee hakuushusha mkono. Mirta akanywa akiwa amesimama. Ikaja kwangu, ikarudi kwa mzee, ikaenda kwa Mirta tena. Safari hiyo alikaa. Hakuna aliyeshukuru.

Raundi ya tatu alirudisha pembe akaondoka kuelekea barabarani. Nikajua anafuata kalamu ya kusaini fomu.

Alikwenda kuzima gari.

Binti yenu,
Chepngetich