Alama Nilizobonyeza kwa Utani

Kata ya Ilembo,
S.L.P. 1137,
Mpanda, Katavi.

18 Mei, 2025

Mpendwa Dada Pelagia,

Shikamoo dada. Shikamoo ya pili ni ya wifi yako Suzana, maana amesimama hapa nyuma ya kiti changu anahakikisha simsahau. Afya kwanza. Presha imeshuka? Magoti yanasemaje na hiyo mvua ya Bukoba isiyojua kukatika? Na shemeji Gideon, bado anabisha kwenda kupimwa macho? Mwambie tunamwombea kila siku, lakini sala zetu haziwezi kufanya kazi ya miwani.

Huku Ilembo tu wazima. Mgongo unanisumbua kidogo kwa kuinamia cherehani, ila si wa kumlalamikia mtu. Suzana alishikwa na malaria mwezi wa tatu, sasa amepona na sauti yake imerudi yote. Kule Mpimbwe wameanza kuvuna mpunga, na binamu Yohani anasema mwaka huu atakosa pa kuuweka. Wale senene wa kukaanga uliotutumia Desemba tuliwala na wageni. Hata waliokuwa wanakunja uso walirudi kuuliza kama wamebaki.

Sasa dada, kaa chini. Kwenye bahasha hii kuna karatasi ishirini na mbili zimebanwa pini. Usizitupe ukidhani ni fomu za bima. Hiyo ni makala ya binti yetu Dorice, imechapishwa kwenye jarida la kitaaluma la mambo ya akili mnemba, jarida la nje linalosomwa na maprofesa. Nimekutolea nakala pale stesheneri ya sokoni, na yule binti wa stesheneri nilimweleza ni ya nani kabla hajaniuliza. Waliokuwa kwenye foleni nao nikawaeleza.

Najivuna, sitakuficha. Ukurasa wa kwanza nimeubandika ukutani juu ya cherehani, na wateja wanaosubiri suruali zao wanausoma watake wasitake. Hawaelewi kitu, na mimi pia mengi siyaelewi, lakini tunautazama pamoja.

Ningeweza kukupigia simu. Ila kwenye simu huwa unanikatiza, na habari hii ina mahali ambapo utataka sana kunikatiza. Isome yote ndipo ugombe.

Kazi yenyewe nakueleza kama nilivyoeleweshwa. Dorice anaifundisha kompyuta kutambua matusi kwenye jumbe za simu, Kiswahili hiki cha watu wa kawaida, ili siku moja anayetukanwa na kutishwa mtandaoni alindwe kabla hajaumizwa. Kompyuta haijui tusi ni nini mpaka ionyeshwe maelfu ya mifano ambayo binadamu wameiwekea alama. Basi Dorice aliomba jumbe za vikundi vya familia na vya biashara hapa Mpanda na Sitalike. Wenyewe wakaridhia, wakasaini, majina yakafutwa yote. Halafu akatafuta watu sita wa kuweka alama. Mimi nilikuwa namba nne. Kija, shemeji yetu, mume wa dada Juliana, alikuwa namba tano kule kwake Sitalike.

Kazi haikuwa ngumu. Ujumbe unatokea kwenye simu, chini yake kuna vitufe viwili, kimoja tusi, kingine si tusi. Nilikuwa nabonyeza huku nasubiri pasi ipate moto. Wiki ya kwanza nilifanya kwa uaminifu kabisa, na ujumbe wenye utata niliusoma mara tatu.

Wiki ya pili nikaanza kukutana na Kija. Jina limefutwa, ndiyo, lakini unamjua Kija. Hawezi kuandika hata habari za asubuhi bila kuanza na "sasa sikieni nyie", na nukta hajawahi kuitumia. Nikamtambua palepale. Na utani wetu na yule Msukuma unaujua tangu siku alipoleta ng'ombe wa mahari ya Juliana. Miaka ishirini na saba hajaniita kwa jina langu, ananiita mwizi wa ng'ombe, nami namrudishia. Msiba wa mama mdogo Mary si ulikuwepo? Alivyokalia majembe ya kaburi akakataa kunyanyuka mpaka apewe jogoo, na wafiwa wakacheka huku machozi bado yanatiririka. Ndiyo ushemeji tulioukuta, na mtu akituondolea huo tutaugua.

Basi nikabonyeza tusi. Sasa sikieni nyie mvua imenyesha Sitalike: tusi. Sasa sikieni nyie Juliana anawasalimu: tusi. Nilikuwa nacheka peke yangu barazani mpaka wateja wakaanza kunitazama vibaya. Jumbe zake zaidi ya mia mbili nilizihukumu hivyo, hata ule aliowapa pole wafiwa. Nikajiona nimempiga bao ambalo hatalijua mpaka anaingia kaburini.

Dorice hakujua lolote. Akamaliza mahesabu yake, akaandika makala, akaituma.

Jarida la namna ile, dada, halichapishi kitu kwa kuombwa. Makala inapelekwa kwa wasomi watatu ambao mwandishi hawajui, nao wanaikagua mstari kwa mstari kama mimi ninavyokagua mshono wa fundi mwingine, yaani bila huruma. Majibu yalikuja Agosti mwaka jana. Wawili waliisifu. Wa tatu akasema kuna jambo haliko sawa: namba nne na namba tano wanatofautiana na wenzao wote kwenye jumbe nyingi ambazo hazina ubaya wowote. Kama alama zimewekwa ovyo, akasema, hakuna sababu ya kuamini kilichojengwa juu yake. Dorice akapewa siku sitini kujieleza, la sivyo makala inakataliwa.

Na chuoni kwake Dodoma hakuna kutetea shahada ya udaktari bila makala iliyochapishwa au kukubaliwa. Muda wake wa masomo ulikuwa unakwisha Desemba. Miaka mitano ya mtoto, dada, pamoja na zile Krismasi mbili ambazo hakuja nyumbani.

Aliponieleza hayo kwenye simu nilimwambia mtandao unakatika. Mtandao haukuwa unakatika. Kabla hajakata alisema hana haja ya kumtafuta aliyekosea, huenda maelekezo yake yeye ndiyo hayakueleweka. Hapo ndipo moyo uliponichoma. Mtoto alikuwa anajilaumu kwa upuuzi wa baba yake.

Siku mbili sikujua ninachofanya cherehanini. Gauni la kwaya la mama Jeniffer nililishona nikageuza mikono, wa kulia kushoto, na nikabisha aliponionyesha. Suzana alidhani nina malaria. Sikumwambia kitu. Niliona aibu dada, aibu ambayo sijapata kuiona tangu uzee uanze.

Siku ya tatu nikapanda basi la asubuhi kwenda Sitalike. Nilitaka nimweleze Kija kwanza, anicheke weee mpaka achoke, kisha anishauri. Nilimkuta dukani kwake anapanga sabuni. Nikamweleza yote. Hakucheka. Alikaa juu ya gunia la mahindi, akavua kofia, akaniambia, "Shemeji, kwenye simu wewe unaweka nukta kila baada ya neno. Mtu gani mwingine anaandika hivyo? Zako zote nimezipiga tusi. Zote kabisa."

Tulitazamana, wazee wawili wenye wajukuu. Juliana alikuwa nyuma ya pazia la duka amesikia kila neno. Alitoka, hakunisalimu, akachukua simu ya mumewe, akatafuta namba ya Dorice na kuiweka mezani mbele yetu.

"Pigeni," akasema. "Na mseme kwa adabu."

Tulisema. Mimi nilianza, Kija akamalizia. Upande wa pili nikasikia mtoto analia au anacheka, mpaka leo hajataka kuniambia ni kipi. Baadaye akauliza kwa sauti yake ile ya chini, "Baba, mjomba Kija akikuita mwizi wa ng'ombe huwa unakasirika?"

Nikamjibu hapana, nitakasirika asiponiita.

"Na akikuita hivyo mtu usiyemjua?"

Nikamwambia huyo tungepelekana polisi. Kisha akasema anakuja nyumbani, tusiguse simu zetu.

Alikaa hapa Ilembo siku tisa. Kija aliletwa kutoka Sitalike na mkewe mwenyewe, kama mshitakiwa. Dorice alituketisha mezani pamoja na wale wenzetu wanne, tukarudia kazi yote tangu mwanzo, ila safari hii kila ujumbe ulikuja na swali la ziada: anayesema na anayeambiwa ni nani kwa nani? Shemeji na shemeji? Bibi na mjukuu? Muuzaji na mteja? Kama hatujui, tuseme hatujui. Jumbe za Kija na zangu walipewa wengine, sisi tukakatazwa hata kuzitazama. Nilitii na kubonyeza. Sijawahi kufanya kazi kwa makini vile, hata siku nilipomshonea Padre kanzu.

Nikuambie jambo la Suzana, ingawa amesimama hapa. Usiku wa kwanza alimshauri Dorice azitoe alama zetu kimyakimya, aseme namba nne na namba tano waliugua. Ni mama, usimlaumu. Dorice alimshika mkono akamwambia hapana, yaliyotokea yataandikwa kama yalivyotokea. Na ndivyo yalivyoandikwa. Ukurasa wa kumi na moja, aya ya pili, ameeleza kwamba waweka alama wawili ni mashemeji na watani, walitambuana kwa mtindo wa kuandika, wakahukumiana kwa mzaha. Majina hajataja. Lakini Katavi nzima hii, dada, nani asiyejua ni akina nani?

Kutoka hapo akagundua kitu ambacho hakuwa anakitafuta. Kompyuta iliyopewa maneno matupu ilikuwa inaona matusi kila walipo watani, na inawaacha watu wabaya wanaotukana kwa maneno laini. Ile iliyoambiwa pia nani anamwambia nani ilikosea mara chache zaidi. Yule msomi wa tatu, mkali, alijibu kwamba sehemu hiyo ndiyo bora kuliko zote kwenye makala. Wiki ya mwisho ya Novemba wakaikubali. Desemba akapeleka kazi yake ndani ya muda, Februari akaitetea. Sasa ni daktari, dada. Si wa sindano, kwa hiyo usimpelekee magoti yako.

Nimemwomba msamaha mara nyingi mpaka amenikataza. Kija anadai sisi wawili tumechangia sayansi. Nimemwambia mwizi wa ng'ombe hachangii kitu, na tumerudi kama zamani, ila kwa mdomo tu. Kwenye kazi ya mtoto hatutatania tena.

Nisalimie shemeji Gideon na miwani yake ijayo. Nisalimie Benedikto na mkewe, na yule mjukuu wako Krispini, mwambie babu wa Mpanda anamshonea kaptula, atume kipimo cha kiuno. Dada Juliana anakusalimia sana. Binamu Yohani naye, na anakukumbusha uliahidi kuja mavuno.

Na hili la mwisho nimeliweka mpaka nipate nguvu ya kuliandika. Jumapili iliyopita Dorice alinisomea kazi ya msomi mmoja wa India, mtu tusiyewahi kumwona, ambaye tayari ameitaja makala yetu kwenye kazi yake. Wasomi hawatajani kwa jina la ubatizo, dada. Wanatumia la mwisho. Na Dorice kwenye vyeti vyake vyote ni Dorice Erasmus Kassiani. Yule Mhindi ameandika hivi: Kassiani ameonyesha kwamba neno peke yake halitoshi kujua kama mtu ametukanwa.

Kassiani. Baba. Mzee ambaye hakukaa darasani hata siku moja, aliyekuwa anaweka dole gumba kwenye kila karatasi, na barua zake zote wewe ndiye uliyemwandikia halafu unamsomea mara mbili mbili kwa sababu hakuamini kuwa karatasi inaweza kusema alichosema yeye. Miaka kumi na tisa yuko kaburini kule Mpimbwe. Nilimwomba Dorice arudie kusoma, akarudia, nikatoka nje nikalia mbele ya majirani bila kujificha. Jina lile nilikuwa nimebakiza kidogo tu nilitupe jalalani kwa kucheka na Kija, na mtoto akaliokota, akalisafisha kwa ukweli, akalipeleka mahali ambapo baba hata hakujua kama papo.

Ukurasa wa kwanza utalikuta jina hilo chini ya kichwa cha makala. Weka kidole chako hapo, dada, usome kwa sauti kama ulivyokuwa unamsomea.

Mungu akutunze, akupe miguu ya kukufikisha kwetu na miaka ya kuja tena.

Mimi mdogo wako, akupendaye siku zote,

Erasmus Kassiani