Darasa Linalopumua

Nyanya Mwanamkasi, shikamoo. Naomba unisikilize mpaka mwisho kabla hujanikasirikia, maana hapa nilipo sina mwingine wa kumwambia, mume wangu yuko Taru na biashara ya mbuzi na nikimweleza kwa simu hucheka tu. Mimi ni mwalimu wa sayansi wa Gredi ya Saba katika shule moja upande wa Shimoni, nilihamishiwa huku kutoka Makueni. Darasa letu lilijengwa mahali ambapo zamani hapakuwa na nyumba, na lina ufa sakafuni, na ufa huo hupumua. Hutoa hewa baridi yenye harufu ya bahari, halafu huivuta ndani. Wazazi walisema ni jini wa mahali, wakawaweka watoto nyumbani, na wengine wakanong'ona kuwa mimi Mkamba ndiye niliyekuja naye.

Nikaona hii ndiyo nafasi ya kuwafundisha watoto kutazama. Nikawaambia wachache waliobaki, tusibishane, tutazame, tukafunga unyoya wa kuku kwa uzi tukauning'iniza juu ya ufa, nikawauliza, kama ni jini atapumua lini, na kama ni bahari itapumua lini. Wakajibu wenyewe kwamba ikiwa ni bahari itafuata maji. Na ikafuata, Nyanya. Maji yakijaa unyoya ulipaa, maji yakipwa ulivutwa chini, maana chini yetu ni mawe ya matumbawe yenye mapango, na bahari huingia humo na kusukuma hewa. Hofu ikawatoka watoto, wazazi wakaitwa waje waone.

Asubuhi hiyo ya wazazi, msichana mmoja mpole, Umazi, akaniambia, "Mwalimu, maji yanajaa lakini unyoya umezama."

Nikamwambia, "Umetazama vibaya."

"Tazama wewe basi, Mwalimu."

Sikutazama. Nilisikia wazazi wanaingia getini, nikamwambia aseme kama wenzake, wenzake wakacheka, Fondo akamwita mke wa jini, na wazazi walipofika unyoya ulipaa vizuri sana, tukapigiwa makofi.

Tangu siku ile Umazi hukaa darasani ameinua miguu, haigusi sakafu. Na jana nilibaki peke yangu, maji yanajaa, nikasimama juu ya ufa, nikahisi pindo la sketi yangu linavutwa chini, polepole, kama mtoto amvutavyo mamake asiyemsikiliza. Kisha likaachiwa. Jumatatu fundi anakuja kuziba ufa kwa saruji na watoto wote wanarudi, na mwalimu mkuu, Bwana Gerishom, anawaambia watu kwamba ni kwa sababu yangu. Nikisema sasa, watasema jini ni kweli na mimi ni mwongo, pengine nifukuzwe. Nikinyamaza, usingizi siupati. Nifanye nini?

Mwalimu Mbinya

*

Marahaba, Mbinya mwanangu. Joan wa hapa redioni ndiye aliyenisomea barua yako. Alipofika kwenye sketi aliiweka barua mezani, ikabidi nimwambie endelea, hujavutwa wewe.

Pole. Umekuja ugenini ukapakwa uchawi usio wako, na bado ukawafundisha watoto wa watu kutumia macho yao. Hilo nakupa mkono. Sasa kaa chini nikukaripie.

Uliwaambia watazame, mmoja akatazama, ukamwambia hakuona. Kwa nini? Kwa sababu wageni wako getini. Mimi shule naijua kwa nje tu, lakini chungu changu kikilia mlio nisioujua, sikiambii kimekosea. Nafunua kifuniko, hata kama wageni wameshaketi mkekani.

Kama ni jini au ni bahari, mimi sijui, na tangu asubuhi ile wewe pia hujui. Kulijua jina lake hakukuifanya sakafu iwe nene. Waliosema jini, watoto wao walikaa nyumbani wazima. Wewe hofu umeitoa, shimo umeliacha pale pale.

Nilipokuwa kigoli, nyuma ya kwetu Msambweni palikuwa na kisima kikavu kilichovuma kila maji yakijaa. Tulikizoea kama tulivyozoea babu kukoroma. Siku moja maji yakajaa, nacho kimya. Mama akasema afadhali. Tukaenda arusini. Tuliporudi, nyumba ya jirani yetu ilikuwa mlango tu. Mlango umesimama na fremu yake, una kufuli, na nyuma yake hakuna kitu, shimo tu. Mungu alimficha, naye alikuwa arusini pamoja nasi. Basi akatoa ufunguo, akafungua, mkono una mazoea yake, akanyanyua mguu aingie. Mimi ndiye niliyemvuta kanzu.

Usingoje Jumatatu. Nenda kwa Bwana Gerishom leo, mfunge darasa, ufunguo ukae kwako. Fundi wa saruji asije. Anayejaribu kukuambia neno humzibi mdomo. Waiteni watu wa majengo wa kaunti wapime chini pana nini. Wazee wa hapo waendeeni pamoja na watoto, lakini msiwaulize wanaamini nini, waulizeni wameona nini, na baba zao waliona nini, hata mahali pale pakaachwa tupu muda wote huo. Masomo yaendelee kwenye baraza ya msikiti au katika kanisa lenu, popote penye ardhi isiyopumua. Watakuita mwongo wiki moja, mbili. Utakuwa mwongo mwenye wanafunzi wote.

Kisha msimamishe Umazi mbele ya wenzake, na huyo Fondo aketi karibu asikie. Sema, "Umazi aliona. Mimi nilikataa kutazama." Usiongeze neno. Halafu muulize anainulia nini miguu. Mtoto hainui miguu bure, na siku zote hizo hakuna aliyemuuliza.

Ukishindwa, nijulishe. Nitakuja mwenyewe na goti langu hili bovu, niketi kwenye kizingiti cha darasa hilo, nione ni nani atakayenivuka.

Lakini ndani siingii.